NANI APIGA HODI? KUKI ZA MTANDAONI NA SIRI ZA NYUMBA ZETU

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, Mji wa Kale, Mombasa.)



 

Najua saa hizi koo limekauka na macho yanatazama saa. Na nilipotajwa kwamba nitazungumza juu ya "kuki", kuna walionong'onezana huko nyuma wakidhani leo ni somo la mapishi ya futari. La, jamani. Kuki ninazozisema mimi hazina sukari wala samli. Ni vijifaili vidogo ambavyo tovuti huviweka ndani ya simu yako au kompyuta yako kila uifunguapo. Wale wanaoandika kurasa za mitandao kwa Kiswahili wameviita "vidakuzi". Jina lolote utakalolitumia ni sawa, muhimu ni kujua kinafanya nini, kwa sababu mwezi huu mtukufu watu wengi tunaingia mtandaoni kutazama wakati wa magharibi, kusikiliza darasa, kutafuta kanzu na baibui za Idi, na kila tunapoingia kuna kitu kinaandikwa.

Naanza na jambo tunalolijua sisi watu wa hapa. Ngome ya Yesu tunaipita kila siku, wengine hata hatuitazami tena. Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596 walikuwa na mtindo wao wa kuisimamia bahari hii. Nahodha wa jahazi alitakiwa achukue cheti chao kilichoitwa cartaz. Ndani yake iliandikwa habari za nahodha, chombo chake, shehena na safari anayokwenda. Jahazi likikutwa baharini bila cheti, liliweza kutekwa pamoja na mali iliyomo. Sasa tazameni: cheti hicho hakikukaa ngomeni. Alikichukua nahodha mwenyewe, ndani ya jahazi lake, na kila alipokutana na Mreno alikitoa kikasomwa.

Kuki ndivyo ilivyo. Haikai kwa mwenye tovuti, yakaa kwako. Wewe ndiwe uibebaye. Ukirudi kwenye ile tovuti, kivinjari chako (ile programu unayofungulia intaneti) huitoa chenyewe kimyakimya na kuionyesha: "Mimi ni yule namba fulani, nilikuja juzi." Tofauti ni moja. Nahodha alijua kwamba ana cheti mfukoni. Sisi tunavyo mamia, na wengi wetu leo ndiyo mara ya kwanza kusikia.

Tusije tukadhani kwamba kitu hiki kilibuniwa kwa nia mbaya. Mwaka 1994 mhandisi mmoja wa kampuni ya Netscape ya Marekani, jina lake Lou Montulli, alikuwa na tatizo la kweli. Mtandao ulikuwa hauna kumbukumbu. Fikirini duka ambalo mwenye duka akigeuza uso tu amekusahau. Wamwambia nataka kanzu, akuletea. Wamwambia niongeze na kofia, akuuliza, "Wewe nani? Umeingia lini?" Hapawezi kuwa na biashara hapo. Montulli akafanya kila mgeni apewe alama ndogo, aje nayo tena akirudi, ili duka limtambue na kikapu chake. Jina alilichukua kwa waandishi wa programu wa zamani, waliokuwa wakiita hivyo kipande kidogo cha data ambacho programu mbili hupokezana. Umbo lake ni dogo kweli, kiasi cha herufi elfu nne tu kwa kila kuki moja.

Kwa hivyo kuki ya mwenye tovuti mwenyewe, mara nyingi haina ubaya. Ukifungua barua pepe yako asubuhi na usiambiwe tena uandike neno la siri, ni kuki. Ukichagua lugha ya Kiswahili na kesho ukaikuta bado ni Kiswahili, ni kuki. Na niwatoe hofu: kuki si kirusi. Haiwezi kuingia kwenye picha zako ikazisoma, wala haiwezi kufungua M-Pesa. Ni maandishi tu. Kuna watu huja na maneno ya kutisha kwenye makundi ya simu, tuma kwa watu kumi, na ukiyachunguza ni upuuzi mtupu.

Basi shida iko wapi? Shida iko kwa mgeni wa tatu.

Ukurasa mmoja wa mtandao hautoki mahali pamoja. Habari yatoka kwa mwenye gazeti, lakini lile tangazo la pembeni latoka kwa kampuni nyingine kabisa, na kile kitufe cha "penda" chatoka kwa kampuni ya tatu. Kila mmoja katika hao aweza kukuwekea kuki yake. Wewe umepiga hodi kwa bwana mmoja, ndani wamekaa watu ishirini usiowajua, na kila mmoja ana kalamu.

Hebu tulete kwetu. Asubuhi wapita Kibokoni, kuna mzee amekaa barazani amekuona. Wateremka Kuze, kuna mwingine. Watokea Makadara, kuna wa tatu. Kila mmoja ajua kidogo tu: umepita saa nne na mfuko. Hakuna neno, ndiyo maisha ya mtaani. Lakini itakuwaje kama wale wote wa barazani ni mtu mmoja, ana daftari moja, na yuko pia mlangoni kwa daktari, na duka la dawa, na afisi ya wakili, na hata kwenye ile nyumba ulikokwenda kuposa? Huyo hakufuati nyuma, ni wewe unayemkuta kila mahali. Jioni atakuwa anakujua kuliko mamako. Kampuni za matangazo zimeweka vipande vyao kwenye tovuti elfu na elfu, na daftari ni moja. Kampuni iitwayo DoubleClick ilikuwa mashuhuri kwa kazi hii, na Google ikaikamilisha kuinunua mwaka 2008.

Na msidhani wahandisi hawakuliona hili. Walipoandika kanuni rasmi za kwanza za kuki, Februari 1997, walishauri kwamba kuki za watu wa pembeni zizuiwe tangu mwanzo, mpaka mtumiaji mwenyewe aziruhusu. Kampuni kubwa za vivinjari hazikufuata. Pesa ya matangazo ilikuwa imeshanukia. Watu wa kawaida hata hawakujua kama kuna kitu hiki mpaka Februari 1996, gazeti la Financial Times la London lilipoandika habari zake. Fikirini, zaidi ya mwaka mzima alama zimo kwenye kompyuta za watu na wenyewe hawana habari!

Kuna atakayesema, "Na waandike, mimi sina la kuficha." Ndugu yangu, si lazima uwe mwizi ndipo uwe na siri. Tuchukue mfano wa nyumba zetu. Simu au tableti ni moja, watumia mama, binti, mjomba na watoto wa madrasa. Bi mkubwa ametafuta usiku habari za uvimbe uliomtoka, hajamwambia mtu, angojea kwenda hospitali. Kesho mjomba afungua kutazama matokeo ya mpira, na matangazo ya maradhi hayo yamepangwa pembeni. Siri ya mgonjwa imetoka na yeye hajafungua mdomo. Mwanamke aliyetafuta habari za mimba ambayo bado changa, au mume aliyetafuta mkopo maana biashara imelala, ni hayo hayo.

Na hapa nataka kuwakamata kidogo baadhi yetu. Ukiona tangazo la ajabu kwenye simu ya mkeo au mwanao, usirukie kumshutumu. Matangazo mengine huletwa kwa kukisia tu, kwa umri au kwa mahali mlipo, na mengine huja kwa sababu mwingine alitumia intaneti hiyo hiyo ya nyumba. Tangazo si ushahidi. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa dhana mbaya na kupelelezana, na sijui ni wapi tuliposoma kwamba simu imetolewa katika hukumu hiyo.

Sasa tuingie kwenye jambo linalotugusa sisi Waislamu hasa.

Mwezi wa Disemba 2013, gazeti la Washington Post lilitoa habari kutoka kwa zile nyaraka za Edward Snowden, kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, lilikuwa likizitumia kuki za Google kuwatambua watu liliowalenga mtandaoni. Yaani kuki iliyowekwa na kampuni kwa ajili ya kazi zake za biashara, serikali ikaikuta inamfaa na yeye. Hili ndilo la kuzingatia. Daftari likishaandikwa, mwenye kulisoma kesho si lazima awe yule aliyeliandika.

Na Novemba 2020 mwandishi mmoja wa jarida la Vice akafichua habari iliyowaumiza wengi. Programu ya Muslim Pro, inayoonyesha nyakati za swala na mwelekeo wa kibla, iliyokuwa imeshapakuliwa zaidi ya mara milioni 98 duniani, ilikuwa ikitoa habari za mahali walipo watumiaji kwa kampuni ya Marekani iitwayo X-Mode. X-Mode nayo ilikuwa ikiuza habari kwa makandarasi, na kupitia kwao zikawafikia wanajeshi wa Marekani. Wenye programu walikanusha kwamba wao wameliuzia jeshi moja kwa moja, na wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Januari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaipiga marufuku X-Mode na kampuni iliyoirithi kuuza habari za mahali nyeti walikokwenda watu. Ibada ni mahali nyeti.

Niseme wazi, lile la Muslim Pro halikuwa la kuki. Programu za simu hutumia vifaa vyao vingine, na hasa ile namba ya matangazo ambayo kila simu inayo. Lakini ni mti ule ule, tawi jingine. Mtu anataka kujua kibla kiko wapi, na jawabu yake inamfikia askari wa ng'ambo. Kwa watu wa pwani hii, ambao tumeona vijana wakichukuliwa na kuulizwa maswali kwa sababu ya msikiti wanaoswali tu, sidhani kama nahitaji kueleza zaidi.

Sasa ile karatasi inayojitokeza ukifungua tovuti, "Tunatumia kuki, kubali", mnaijua? Wote twaibonyeza haraka ipotee. Hiyo ni hodi. Na mila ya hodi sisi hatufundishwi na mtu. Katika Surat An-Nur, aya ya 27, waumini wameamrishwa wasiingie nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Mtume (S.A.W.) akafundisha kuomba idhini mara tatu, ukikosa jawabu urudi zako, na akaeleza kwamba idhini imewekwa kwa sababu ya macho. Milango yetu ya Mji wa Kale yote imejengwa kwa adabu hiyo: baraza nje kwa mgeni, kisha ukumbi, kisha ndani kwa wenyewe.

Ile hodi ya mitandao imeletwa na sheria ya nchi za Ulaya. Waliianza mwaka 2002, wakaikaza 2009 ili ruhusa iombwe kabla, na Mei 2018 ikaja sheria yao kubwa ya data. Oktoba 2019 mahakama yao ya juu ikaamua kwamba kisanduku kilichokwisha kutiwa alama tayari hakihesabiki kuwa ni ruhusa. Ni sawa na mtu kuingia ndani kisha akasema, "Mlango nimeukuta wazi." Na Januari 2022 Ufaransa ikaitoza Google euro milioni 150 na Facebook euro milioni 60, kosa lao kwamba kukubali ni kubonyeza mara moja, na kukataa ni safari ndefu. Mwenye kupiga hodi huku ameshika kitasa, huyo hakubisha.

Na kwetu? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, yampa kila mtu haki ya faragha, na mawasiliano yake yasiingiliwe. Kisha Novemba 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data, na afisi ya Kamishna wa Data ikaanza kazi baada ya Bi. Immaculate Kassait kuapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo inahesabu hata alama ya kukutambulisha mtandaoni kuwa ni habari yako binafsi. Imani yako, afya yako, habari za ndoa na familia yako imezitia kwenye fungu la data nyeti. Ruhusa uliyoitoa una haki ya kuirudisha wakati wowote. Data ya mtoto haishikwi bila ruhusa ya mzazi. Na haikubaki kwenye karatasi tu: Septemba 2023 afisi hiyo iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wa madrasa mnaopiga picha za mahafali na kuzitupia mtandaoni, mmesikia? Ndugu zetu wa Tanzania nao wana sheria yao ya 2022, iliyoanza kazi Mei 2023.

Hata hivyo sheria iko Nairobi, simu iko mkononi mwako. Kwa hivyo cha kufanya.

Fungua mipangilio ya kivinjari chako, tafuta mahali pa kuki, uzuie zile za watu wa tatu. Safari ya simu za Apple yazizuia yenyewe tangu Machi 2020, na Firefox nayo ina ulinzi wake. Chrome, ambayo ndiyo wengi tunayo, ni hadithi nyingine. Google iliahidi Januari 2020 kuziondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Aprili 2025 ikasema itauacha mpango kama ulivyo na kila mtu ajichagulie. Basi jichagulieni! Ni dakika moja. Kwenye mipangilio ya simu ya Android, upande wa faragha, waweza pia kuifuta ile namba ya matangazo. Kwenye iPhone programu ikikuuliza kama ikufuatilie, mwambie isikufuatilie. Na programu ya nyakati za swala si lazima ijue ulipo kila dakika, mpe jina la mji tu, Mombasa, inatosha.

Wanaotumia kompyuta za saiba wanisikilize vizuri zaidi. Kufunga dirisha si kutoka. Ile kuki inayosema "huyu ni mwenye akaunti" yaweza kubaki pale, na atakayekaa kiti hicho baada yako akafungua barua zako bila kuulizwa neno la siri. Bonyeza kutoka, kisha ufute kuki na historia kabla hujalipa. Wezi wa mtandao siku hizi huziiba kuki hizo hizo kwa programu mbovu, ndiyo maana ile michezo na filamu za bure mnazopakua ovyo zaweza kukugharimu akaunti nzima.

Kulikuwa na maswali mawili, nayajibu hapa kwa ufupi maana adhana i karibu.

Mama mmoja aliuliza kama lile dirisha la faragha linamficha mtu kabisa. Halimfichi, mama. Linasahau kuki na historia ukilifunga, basi, ili mwenye simu mwenzako asione. Tovuti uliyoitembelea imekuona, na kampuni ya intaneti imeona umeunganishwa wapi. Google yenyewe ilishtakiwa Marekani juu ya dirisha hilo, na mwaka 2024 ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu ilizozikusanya za watu walioamini hawaonekani. Kwa mwanao, kukaa naye na kumuuliza kutakufaa zaidi kuliko kutafuta dirisha alilolifungua.

Na kijana mmoja, Allah amzidishie, aliuliza tufanyeje ikiwa jumuiya yetu yataka tovuti yake, ya kupokea zaka na sadaka na kuandikisha watoto wa madrasa. Nilimjibu tujihukumu kwa kipimo kile kile. Tusiweke vipande vya kampuni za matangazo kwenye ukurasa ambao mtu anatoa sadaka yake kwa siri. Tukihitaji kuki ya kumkumbuka mgeni, tuseme ni ya nini, kwa Kiswahili ambacho bibi yetu atakifahamu, na kitufe cha "sitaki" kiwe sawa na cha "nakubali", ukubwa mmoja na rangi moja. Majina ya watoto yahifadhiwe na mtu mmoja aliyekabidhiwa, na mzazi akija kusema mfute mwanangu, afutwe siku hiyo hiyo. Kijana amejitolea kuandika rasimu, na kikao cha kuipitia ni Jumamosi baada ya tarawehe, in shaa Allah. Wenye ujuzi wa kompyuta waje na mawazo yao.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.